Meza Yangu na Besi Haziongei

Kwenye harusi za Lubumbashi kila kitu kina kamati. Kuna kamati ya nyama, kamati ya vinywaji, hata kuna mama ambaye kazi yake ni rangi ya utepe wa viti, basi. Sabufa, ile spika (bafle) ya besi, haina kamati. Sabufa huwekwa na mtu wa mapambo, na yeye anajali foto tu. Moja kushoto kwa maharusi, moja kulia, zilingane kama masikio, zivikwe pazia jeupe, sono, yaani mitambo ya sauti, imekwisha.

Sikatai uzuri. Lakini mtu aniambie kwa nini kila mara besi haifiki mezani kwangu. Gitaa nalisikia, mwimbaji namsikia hadi anavyomeza mate, ila ngoma ya chini hakuna; unacheza kwa kuangalia miguu ya wengine. Nainuka kuongeza bukari (ugali), hatua chache tu, bumu! Kifua kinatetemeka. Narudi kitini, hakuna kitu. Na wale walioketi katikati, mstari unaotoka kwa maharusi kwenda mlangoni, chupa zao za bia ya Simba zinatembea zenyewe juu ya meza. Halafu ndio waliotoa mchango mdogo! Orodha nimeiona.

Jumamosi, harusini kule Katuba, nikamshika kijana wa sono, anieleze.

“Papa, pale katikati bafle zote mbili zinafika pamoja, zinasaidiana. Weye huku pembeni, moja iko karibu, ingine iko mbali.”

Sauti hukimbia mita kama 340 kwa sekunde. Besi inayotikisika mara 60 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 5.7. Sasa ukiketi mahali ambapo bafle moja iko mbali nawe kuliko ya pili kwa nusu ya urefu huo, mita 2.8 na kidogo, hii inasukuma hewa wakati ile inaivuta. Zinafutana. Yaani tumechanga pesa za bafle mbili, na kwenye meza yangu kazi ya moja ni kuharibu kazi ya mwenzake.

Tena hilo shimo halitulii. Noti ikishuka mpaka mara 40 kwa sekunde, wimbi linarefuka kufika mita 8.5, shimo linahamia kwa jirani. Ndiyo maana utaona meza ya wakwe imeanza kucheza ghafla, halafu imeacha katikati ya wimbo. Watu wanasema wana maringo. Hawana maringo, maskini, besi imewahama.

“Dawa yake?”

“Kuziweka zote pamoja, katikati.”

Nikampeleka kwa Papa Prezida wa kamati kuu. Akatutazama kana kwamba tumeomba kuuza bibi harusi.

“Bafle katikati? Na gato tutaweka wapi?” Keki, yaani.

Tulibishana mpaka sombe (kisamvu) ikapoa. Mwishowe gato likasogea kidogo, kijana akaongeza sanduku moja la besi, akapanga yote matatu mbele ya jukwaa. Mawili yakatutazama sisi. La tatu akaligeuza, mgongo kwetu, akalichelewesha kidogo kwa mashine yake na kubadili kusukuma kwake kuwe kuvuta. Zifutane, ndiyo, lakini zifutane kule nyuma, maharusi waweze kusikilizana. Kweli, wale wa mbele kabisa bado walipigwa zaidi, wako karibu, wangefanya nini. Lakini mimi, kwa mara ya kwanza, nilipata besi nikiwa nimeketi! Meza ya wakwe ilicheza wimbo mzima, mama mkwe akavua viatu.

Kisha akapita mjomba wa bwana harusi, suti ya vipande vitatu, akasimama mbele ya masanduku.

“Hii moja inaimbia ukuta! Vijana wa leo hawaangalii kazi.”

Akalikumbatia sanduku, akaligeuza mbele pamoja na wenzake, akapangusa mikono. Mashine bado inalichelewesha, bado linavuta wenzake wakisukuma. Besi yetu ikanywea. Kule nyuma ikarudi kunguruma, bibi harusi akashika taji kwa mikono miwili.

“Sasa munasikia?” mjomba akauliza. Meza nzima ya wazee ikapiga makofi.

Kijana alikuwa amekwisha kuinuka. Papa Prezida akamvuta shati.

“Acha muzee. Ni yeye alilipa mafuta ya grupu ya umeme.”