Vita vya Mawaridi: tembo walikufa, je, nyasi zilipona?

Asubuhi ya tarehe 13 Oktoba 1459, askari waliopiga kambi kando ya mto Teme, chini ya mji wa Ludlow huko magharibi mwa Uingereza, waliamka wakakuta wakubwa wao hawapo. Richard, Duke wa York, aliyekuwa amewakusanya kumkabili Mfalme Henry VI, alitoroka usiku. Yeye alikimbilia Ireland, na washirika wake wakashika njia ya kwenda Calais, ng'ambo ya bahari. Askari walioachwa wakapiga magoti kuomba msamaha, wakasamehewa. Kisha jeshi la mfalme likaingia mjini.

Mwandishi mmoja wa kumbukumbu za London wa zama hizo anasimulia kwamba askari walivunja mapipa ya mvinyo kwenye vilabu hadi miguu yao ikalowa, wakabeba matandiko na vitambaa vya watu, wakanajisi wanawake wengi. Siku hizohizo, katika mji huohuo, alikuwamo mwanamke mwingine: Cecily Neville, mke wa Duke aliyetoroka. Huyu alikamatwa na kuwekwa chini ya ulinzi wa dada yake, mke wa Duke wa Buckingham. Inasemekana alisimangwa sana huko. Lakini hata baada ya Bunge la Coventry, mwezi uliofuata, kumtangaza mumewe kuwa msaliti, mfalme alimtengea Cecily posho ya marki 1,000 kwa mwaka, yeye na watoto wake wadogo wasije wakaadhirika. Marki moja ilikuwa peni 160, na kibarua wa kawaida alilipwa kama peni 4 kwa siku. Piga hesabu: posho ya mwaka mmoja ya bibi huyo ni siku 40,000 za jasho la kibarua, yaani zaidi ya miaka 100 bila kupumzika hata Jumapili moja.

Ludlow naiweka mbele kwa sababu kuna hoja maarufu kuhusu vita hivi, na hoja hiyo haipiti vizuri katika mitaa ya Ludlow. Vita vya Mawaridi vilianza St Albans mwaka 1455 na pigano lake kubwa la mwisho lilikuwa Stoke mwaka 1487. Koo mbili za nasaba moja ya kifalme, Lancaster na York, ziligombea kiti cha enzi kwa zaidi ya miaka 30. Sisi tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Philippe de Commynes, mwanadiplomasia aliyetumikia Burgundy kisha Ufaransa na kukutana uso kwa uso na wengi wa wahusika, aliandika kinyume chake: kwamba Uingereza ilikuwa na neema ambayo nchi nyingine hazikuwa nayo, kwani vita havikuharibu mashamba, watu wala nyumba, na balaa liliwaangukia waliovianzisha, hasa makabaila. Tembo ndio waliokufa, nyasi zikapona.

Hoja hiyo si ya kubezwa, maana ushahidi wake ni mzito. Tazama ukoo wa Percy, mabwana wa Northumberland. Mkuu wa ukoo aliuawa St Albans mwaka 1455. Mwanawe aliyemrithi aliuawa Towton mwaka 1461, siku moja na ndugu yake Richard. Ndugu mwingine, Thomas, alikuwa ameshauawa Northampton mwaka 1460, na wa nne, Ralph, akaangukia Hedgeley Moor mwaka 1464. Baba na wana wanne ndani ya miaka 9. Ukoo wa Beaufort ulikatika kabisa upande wa wanaume halali: baba aliuawa vitani, mwana mmoja alikatwa kichwa mwaka 1464, na wawili waliobaki waliishia Tewkesbury mwaka 1471, mmoja akifia vitani na mwingine akitolewa kwenye abasia alikokimbilia na kukatwa kichwa siku mbili baadaye. Duke wa York mwenyewe alipouawa Wakefield, kichwa chake kilitundikwa juu ya lango la mji wa York kikiwa kimevishwa taji la karatasi.

Na ambao hawakuuawa walionja ufukara. Commynes anasema alimwona kwa macho yake Henry Holland, Duke wa Exeter, mtu aliyeoa dada wa Edward IV, mwana wa Duke wa York aliyekuja kuwa mfalme, akitembea pekupeku nyuma ya msafara wa Duke wa Burgundy, akiombaomba mkate mlango kwa mlango. Ukisoma hayo, unaelewa kwa nini shahidi huyo aliwahurumia tembo.

Upande wa watu wa kawaida pia una mambo ya kuunga mkono hoja yake. Majeshi hayakukaa uwanjani kwa miaka mfululizo. Yalikutana, yakapigana siku moja, yakatawanyika, na ukijumlisha muda wote wa kampeni zenyewe hufiki hata miaka miwili. Miji mingi haikuzingirwa wala kuchomwa, tofauti na yaliyowapata wakulima wa Ufaransa katika vita vyao virefu na Waingereza. Mkulima wa Devon au Kent angeweza kupanda na kuvuna misimu mingi bila kuona bendera ya mtu. Ujira nao ulikuwa juu ukilinganisha na bei ya chakula.

Hapo kwenye ujira ndipo ninapoanza kutilia shaka. Maisha ya kibarua wa Uingereza ya karne ya 15 yalikuwa nafuu kwa sababu ya tauni kuu ya mwaka 1348 na 1349 na zile zilizoifuata. Idadi ya watu ilishuka ikakaa chini kwa vizazi, mikono ikawa adimu, na mwenye shamba akalazimika kulipa. Unafuu huo ulikuwapo kabla ya vita na haukuletwa na huruma ya makabaila. Kuutumia kama ushahidi kwamba vita havikuwagusa wanyonge ni kuchanganya mambo mawili yaliyotokea pamoja.

Kuna jambo jingine linalotajwa sana kama fadhila: amri ya kuwaacha watu wa kawaida. Northampton, mwaka 1460, Earl wa Warwick, kabaila aliyekuwa upande wa York wakati huo, aliagiza wapiganaji wake wasimguse mfalme wala makabwela, wawaue malodi na wapanda farasi. Edward IV alimwambia Commynes kwamba katika ushindi wake alikuwa akipanda farasi na kupaza sauti: okoeni watu, waueni wakubwa. Watu hunukuu hapo wakaishia hapo. Lakini shahidi huyohuyo anaendelea kusema kwamba Barnet, mwaka 1471, Edward hakutoa amri hiyo, kwa sababu alikuwa amewachukia wananchi kwa jinsi walivyompenda Warwick, ambaye sasa alikuwa amemgeuka. Basi uhai wa mkulima aliyevaa sare ya bwana wake ulitegemea kama mfalme ameamka na kinyongo au la. Siwezi kuita hiyo neema ya nchi.

Halafu kuna watu waliokuwa katikati, ambao mjadala wa tembo na nyasi huwasahau. Familia ya Paston ya Norfolk ilitokana na mkulima aliyekwenda kinuni juu ya farasi asiye na tandiko, amekalia gunia la nafaka yake. Mwanawe akasoma sheria akawa hakimu, familia ikanunua ardhi, na ardhi ikawaletea maadui. Barua zao zimehifadhiwa hadi leo. Mwaka 1448, kabla hata vita havijatangazwa na mtu, wakati mabwana wenye nguvu walikuwa wameanza kujichukulia mali za wengine kwa mabavu, Margaret Paston alimwandikia mumewe aliyekuwa London kumwomba pinde za kufyatulia, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa fupi na mtu hawezi kuvuta upinde mrefu akiwa ndani. Akaomba na mashoka ya vita mawili au matatu ya kulindia milango. Kisha, katika barua hiyohiyo, akamwomba amletee ratili moja ya lozi, ratili moja ya sukari, na kitambaa cha kuwashonea watoto nguo.

Barua hiyo naiona ina maana kuliko orodha nzima ya mapigano. Ndivyo watu wanavyoishi vita vya wenyewe kwa wenyewe: lozi na mashoka kwenye karatasi moja. Hakuna siku iliyogawanyika wazi kati ya amani na vita. Kuna bwana mkubwa wa jirani, kuna korti isiyoweza kumgusa, na kuna watoto wanaohitaji nguo.

Miaka 21 baadaye, Agosti 1469, Mfalme Edward akiwa mikononi mwa Warwick na sheria ikiwa haina mwenyewe, Duke wa Norfolk alipeleka jeshi kuizingira ngome ya Caister, ambayo Paston walidai kuirithi. Ndani walikuwamo watu wapatao 30, wakiongozwa na mtoto wa Margaret. Septemba, Margaret alimwandikia mwanawe mkubwa barua ya uchungu: ndugu yako na wenzake wako hatarini, chakula kimepungua, baruti na mishale imewaishia, na Daubeney amekufa. John Daubeney alikuwa mtumishi wa familia. Ngome ilisalimu amri. Duke aliishikilia mpaka alipofariki Januari 1476, na mwaka huohuo Paston wakarudishiwa.

Ngome ilirudi, Daubeney hakurudi. Kwangu mimi kipimo kipo hapo. Kuhesabu nani alikufa kwa wingi hakutoshi, maana kwa kipimo hicho makabaila watashinda daima: wao ndio walioandikwa majina. Swali ni nini kilichopotea kingeweza kurudi. Bunge la mwaka 1461 peke yake lilitangaza wasaliti zaidi ya 100 na kuwanyang'anya mali na vyeo, lakini kwa familia kubwa tangazo hilo mara nyingi halikuwa mwisho. Mrithi wa Percy alitoka kifungoni akarejeshewa Northumberland mwaka 1470. Mrithi wa Clifford, ukoo mwingine wa makabaila, alirejeshewa yake mwaka 1485. Cheo kilikuwa na uwezo wa kusubiri kizazi kizima, kwa sababu kiliandikwa kwenye hati, na kila mfalme mpya alihitaji marafiki.

Wapo watakaosema mji wa Ludlow nao ulifidiwa, na ni kweli: Edward IV, mwana wa Duke aliyetoroka, alipochukua ufalme aliupa hati ya kujiendesha, Desemba 1461. Hati ile ilikuwa na thamani kwa wafanyabiashara na wazee wa mji. Wale wanawake wa Oktoba 1459 haikuwapa kitu. Na ule msafara wa jeshi la Malkia Margaret, mke wa Henry VI, kuelekea kusini mapema mwaka 1461, ambao mtawa wa Crowland aliufananisha na nzige, ulipitia vijiji ambavyo havikupata hata hati.

Kwa hiyo Commynes alisema kweli kuhusu alichokiona. Aliona nyumba zimesimama na Duke hana viatu. Lakini aliyasikia mengi kutoka kwa tembo wenyewe, wakiwa uhamishoni au kwenye kiti cha enzi, na hakuna kibarua wa Yorkshire aliyeketi naye kumweleza yake.

Towton, palipopiganwa tarehe 29 Machi 1461, Jumapili ya Matawi, theluji ikiwapiga usoni watu wa Lancaster, ni kijiji kidogo cha Yorkshire. Barua za wakati ule zilidai waliokufa ni 28,000, idadi ambayo wengi leo wanaiona kubwa mno. Katika uwanja wa kanisa la Saxton, jirani na hapo, lipo kaburi la jiwe la Lodi Dacre aliyefia vitani siku hiyo, lenye maandishi. Mwaka 1996, mafundi wa ujenzi waliokuwa wakichimba Towton walikuta shimo la mifupa ya watu karibu 40, wamelundikwa bila sanda wala jeneza. Mafuvu mengi yana majeraha zaidi ya moja. Mmoja wao, mtu mzima aliyekaribia miaka 50, taya lake lina kovu refu la upanga lililokwisha kupona miaka mingi kabla ya Towton: alikuwa amenusurika vita vingine, akapona, akaitwa tena. Wataalamu waliompima walimwandika kwa namba, Towton 16.