Leseni Yao Husomwa kwa Nyuma

Wabongo wa Uingereza tukikaa pamoja, haichukui muda kabla mmoja hajasema kwamba huku sheria za barabarani ni kali na kwetu ni za mchezo. Mimi nimeacha kukubali. Upande wa madaraja ya leseni, sheria ya Tanzania ni kali kuliko ya Uingereza, tena si kidogo. Kinachotutofautisha ni nani anaisoma hiyo leseni, na anaisoma lini.

Chukua madaraja yetu. Daraja D ni magari ya kawaida: si pikipiki, si magari mazito, si ya abiria. Unataka E ili ushike lori? Uwe umeendesha kwa D si chini ya miaka 3. Unataka kubeba watu? Unaingia kwenye ukoo wa C: C3 ni abiria wanne kushuka chini, C2 mpaka 15, C1 mpaka 30, halafu C yenyewe ya mabasi makubwa, ambayo huipati mpaka uwe na miaka 3 juu ya C1 au E. Pikipiki wana A zao, bajaji ina A2. Maana yake ni kwamba kijana aliyepata D mwezi uliopita hana ruhusa kabisa ya kukaa kwenye usukani wa Hiace yenye abiria. Anza na lako mwenyewe, ukikomaa ndiyo upewe roho za watu. Aliyeitunga sheria hiyo alikuwa na akili zake timamu.

Serikali yenyewe inapoajiri inaifuata. Tangazo la kazi ya Dereva Daraja la II tunalijua karibu kwa moyo: leseni ya daraja E au C, cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva cha vyuo vya ufundi vya VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali.

Sasa njoo huku. Kijana wa miaka 17 anafaulu mtihani asubuhi, anapewa daraja B. Mchana huo huo, kwa mujibu wa sheria, anaweza kuendesha gari la mizigo lenye uzito wa jumla wa tani 3.5, au kubeba abiria 8. Uzoefu hakuna anayemwuliza. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 anaweza pia kufunga tela la hadi tani 3.5 nyuma ya gari lake bila mtihani wowote wa tela. Zamani mtihani huo ulikuwepo. Madereva wa malori walipoadimika nchini, serikali ikaufuta ili watahini wapate nafasi ya kupima wa malori. Kwa hiyo wazungu nao wakibanwa hulegeza, hilo tuliseme wazi.

Kuna jingine ambalo huwa siishi kulistaajabia. Mtu aliyepata leseni ya gari dogo hapa kabla ya tarehe 1 Januari 1997 alipewa C1 na D1 humo humo kama nyongeza. C1 ya huku ni lori la hadi tani 7.5. D1 ni basi dogo la abiria 16. Hakupimwa kwenye lori wala kwenye basi. Kuna wastaafu wa mitaani kwetu hapa ambao hawajawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko Ford Fiesta, na kisheria wanaweza kuondoka na gari la kuhamishia nyumba zima zima. Kwetu angeambiwa alete miaka mitatu.

Lakini igeuze kadi. Upande wa mbele ni picha, jina, anwani. Nyuma kuna jedwali: safu ya 9 ni madaraja, ya 10 ni lini ruhusa imeanza, ya 11 ni lini inakoma, na ya 12, iliyobanwa pembeni kwa maandishi ya kumchosha mtu mwenye macho mazima, ni namba za masharti. 01 ni lazima uvae miwani. 78 ni otomatiki tu. 101 ni kwamba gari hilo usiliendeshe kwa malipo. Hizo namba ndogo ndizo zinazoendesha maisha ya watu huku, na nilizielewa vizuri siku chama chetu kilipotaka kwenda pwani.

Tulikuwa ukumbini, familia nyingi, watoto wanakimbizana, na mpango ulikuwa rahisi: tukodi basi dogo la viti 17, kila mtu mzima achangie pauni kumi, safari. Madereva mle ndani walijaa. Kulikuwa na mmoja aliyeendesha mabasi ya mikoani, na Mkenya mmoja ambaye leseni yake ya nyumbani ni ile ya zamani ya BCE, yaani madaraja B, C na E kwa pamoja, na hachoki kuitaja. Mwenye kukodisha akasema nileteeni leseni. Akazipokea, na hakuziangalia mbele hata moja. Alizigeuza zote, akapitisha kidole kwenye safu ya 9. B, B, B. Basi lenyewe lilizidi tani 3.5, kwa hiyo B haikufaa. Akabaki mzee mmoja wa Unguja, aliyekuja enzi hizo na kupata leseni yake hapa kabla ya 1997. Ana D1. Watu wakaanza kupiga makofi.

Kidole kikasogea mpaka safu ya 12. 101. "Abiria wanalipa?" Tukajibu kwa fahari kwamba hapana, ni mchango tu wa mafuta. Yule bwana akatabasamu na kurudisha kadi. Kwa sheria ya hapa, abiria akitoa hela ili apate kiti, hayo ni malipo, uyaite mchango au uyaite sadaka. Kipo kibali ambacho vikundi visivyo vya faida vinaweza kuomba ili viruhusiwe kuchangisha, ila chama hakikuwa nacho. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo mafuta anaweka nani, malaika?" Mwisho tukakodi basi pamoja na dereva wake, ikatutoka hela nyingi kuliko tulivyopanga.

Ndipo hapo hoja yangu ilipo. Yule bwana si polisi. Hakuwa anailinda sheria kwa mapenzi. Anajua kwamba akimpa mtu gari nje ya daraja lake, bima haimjui. Huku bima inamfuata dereva: jina lake, namba ya leseni yake, makosa yake. Mwajiri naye kabla hajakupa funguo anakuomba namba maalumu unayoitoa kwenye tovuti ya DVLA, wakala wa leseni wa huku, inayodumu siku 21, anaingia mwenyewe na kuona madaraja yako na pointi zako zote za makosa. Ukikamatwa unaendesha gari ambalo si la daraja lako, hilo ni kosa, pointi 3 hadi 6. Bima ikionekana haikukuhusu, ni kosa la pili, na adhabu yake ya kawaida ni pauni 300 na pointi 6, na gari linaweza kuchukuliwa hapo hapo. Aliye ndani ya miaka 2 ya mwanzo akifikisha pointi 6, leseni inafutwa, anarudi kubandika L ya mwanafunzi.

Kwetu bima inalifuata gari. Likishakatiwa, basi, kaa yeyote. Kipengele kinachotaka dereva awe na leseni ya daraja la gari hilo kwa kawaida kimo ndani ya mkataba, ila husomwa siku ya ajali, na anayekisoma ni yule asiyetaka kulipa. Siku nyingine zote leseni inasomwa na trafiki, tena kwa mbele: picha ni yako, tarehe haijapita, nenda.

Sisemi kwamba usomaji wa huku hauna maumivu. Leseni ya Tanzania au Kenya inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, na ni magari madogo na pikipiki tu, hata kama una C yenye muhuri wote wa dunia. Baada ya hapo unaanza upya kama mtoto wa miaka 17: leseni ya mwanafunzi, maswali 50 unayotakiwa upate 43, video za kutambua hatari, halafu barabarani na mtahini, ambaye kwanza anakusomesha namba ya gari lililo mita 20. Aliye na leseni ya Afrika Kusini au Zimbabwe anabadilishiwa bila mtihani. Hata Mtanzania aliyefanyia mtihani wake Dubai anaweza kubadilisha, wakati nduguye aliyefanyia Dar hawezi. Mtihani wenyewe sina ugomvi nao, barabara ni zao. Ninachokataa ni uzoefu kuhesabiwa sifuri. Yule bwana wa mabasi ya mikoani ameshuka mlima Kitonga na kupanda Sekenke na abiria sitini nyuma yake, miaka na miaka. Akitaka kurudi kwenye basi hapa, akishapata B anakwenda kwa daktari, anaomba ya mwanafunzi ya D, ambayo huku ni ya mabasi, anafanya mitihani mingine na ile ya cheti cha udereva wa kulipwa, kisha masomo ya saa 35 kila miaka 5. Ni mlango ule ule wa mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa kitu kikubwa kuliko baiskeli.

Kwa wanaokuja sasa, nina neno kuhusu 78. Wengi mnakimbilia kufanya mtihani kwa otomatiki kwa kuwa ni rahisi. Sawa, ila kazi nyingi za kusambaza mizigo bado ziko kwenye magari yenye klachi, na hiyo namba inakufungia nje. Kenya nao siku hizi wametenganisha, B1 ya otomatiki na B2 ya klachi, kwa hiyo hata huko mtazoea. Na muitazame 4b mbele ya kadi. Hiyo ni tarehe ya kadi yenyewe kuisha, kila miaka 10, hata kama ruhusa yako ya kuendesha inakwenda mpaka utimize miaka 70. Kutoihuisha kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000, wakati kuihuisha kwenye mtandao ni pauni 14.

Nyumbani mambo yanasogea, tusiwanyime haki yao. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanawapima na kuwasajili madereva wa mabasi, na wameleta kile kitufe ambacho dereva anakigusisha kwenye mfumo wa kufuatilia mabasi ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Hiyo ni hatua kubwa kuliko vituo kumi vya ukaguzi, kwa sababu inajibu swali la nani, ambalo trafiki wa barabarani anaambiwa jibu lolote. Ila ikiishia kwenye mabasi ya mikoani, daladala, Noah na Fuso zitaendelea vile vile. Ningeanzia kwenye bima. Kampuni za bima zikidai jina na daraja la kila dereva kabla ya kutoa bima, na bei ikapanda kwa asiyetaja, wenye magari watajifunza kugeuza kadi bila kuhubiriwa.

Nilimwambia hivyo binamu yangu mwenye Coaster Mbagala. Alicheka sana. Saa kumi alfajiri, aliniuliza, dereva wangu amepiga simu anaumwa, deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, amesimama hapo, na hesabu ya siku inaningoja, unataka nianze kusoma herufi? Nikamwambia ndiyo, ni herufi moja na namba moja, zinasomeka hata kwa tochi ya simu. Na kama haniamini, amwulize wakala wake wa bima nini kitatokea deiwaka wa daraja D akiua mtu na Coaster. Amesema atamwuliza akienda kukata bima mpya.