Katuni ya pikipiki itiwe chumvi, lakini chumvi iwe ya mwenyewe

Hizi katuni za watu na pikipiki zao za Kiingereza nazipenda jamani, zile ambazo mtu anatuma picha yake pamoja na ya Triumph yake au Norton au BSA, halafu mchoraji anamrudishia mchoro ana kichwa kikubwa, injini imevimba, matairi mafupi, moshi unafuka nyuma. Watu wanazitia fremu wanapeana siku ya kuzaliwa au mtu akistaafu. Ndo maana inaniuma nikiona nyingi zinazouzwa ni mchoro ule ule mmoja, wamebadilisha namba ya pikipiki na rangi ya tenki basi, halafu wanakwambia imechorwa kwa ajili yako.

Nimeliona hili hapa hapa Coventry ninapoishi. Jirani yangu ni mzee wa Kiingereza, fundi mstaafu, ana Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1969, aliinunua akiwa kijana na hajawahi kuiuza. Jumapili asubuhi kama hakuna mvua anaitoa, anapiga kiki mara mbili tatu inaitika, mtaa mzima tunajua mzee kaamka. Alipotimiza miaka 75 tukachanga majirani tukamwagizia katuni, ilipokuja ilikuwa inang'aa kabisa na namba ni yenyewe, mzee akashukuru sana, akaishika akaiangalia kimya kwa muda mrefu halafu akasema taratibu, ni nzuri lakini hii si yangu.

Akanionyesha kwa kidole. Pedeli ya gia wameichora kushoto. Sasa pikipiki za Waingereza za enzi zile gia ilikuwa mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume kabisa na Boxer na TVS tulizozizoea nyumbani, zikaja kubadilishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa sababu Marekani walitunga sheria gia ikae kushoto na huko ndo kulikuwa na soko lao kubwa. Mtu aliyebadilisha gia kwa mguu wa kulia miaka hamsini ukimchorea kushoto umemchorea pikipiki ya mtu mwingine, hata kama namba ni yake.

Tukatafuta mchoraji wa pili, na huyu alikuwa tofauti tangu mwanzo, akataka picha za pande zote, akauliza ina makovu gani, akauliza mzee akiiendea huwa anaanza kugusa wapi. Kwenye mchoro wake tenki lina ule mbonyeo wa tangu ilipoanguka uani kwa mama yake mzee, mkono wake wa kushoto umelala juu ya tenki kama anavyofanya kweli, na chini ya injini kuna trei ya oili, kubwa kama beseni. Trei ndo ilimmaliza. Alicheka mpaka akafuta machozi, kwa sababu injini zile kasha lake la chini limegawanywa kwa wima, kiungo kinapita mpaka chini kabisa ambako oili inashukia, kwa hiyo kuvuja ni jambo la kila siku na trei ile ameimwaga na kuifuta maisha yake yote. Katuni ile ipo gerejini sasa hivi, iko juu ya meza yake ya kazi.

Katuni ni kutia chumvi, hakuna anayebisha, ila mchoraji lazima ajue chumvi inatiwa wapi, maana kila pikipiki ina mahali pake. Chukua Vincent Black Shadow ya 1948, ile iliyokuwa inafika maili 125 kwa saa wakati magari mengi hayajui hata nusu yake vizuri, injini imepakwa rangi nyeusi na spidomita yake ni kubwa inasoma mpaka 150, basi hapo spidomita ichore kama sinia la pilau, mwenye nayo atakuelewa. Norton Commando injini yake imefungwa juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, ikisimama kwenye taa inatetemeka yote mpaka tairi la mbele, ukiondoka ukachanganya inatulia kimya, kwa hiyo mchore mwenyewe meno yanagongana kwenye taa. BSA Bantam ni kitu kidogo, ilianza na cc 125, ramani yake waliichukua kwa Wajerumani wa DKW baada ya vita, vijana wa posta walipelekea telegramu, na hiyo ukiivimbisha iwe dude umeiharibu, iache ndogo mtu awe mkubwa magoti yamefika kwenye masikio.

Na Triumph Rocket 3 ya siku hizi haihitaji chumvi hata punje, ina cc 2,458 kwa silinda tatu, yaani silinda moja tu inameza injini za Boxer 150 tano na bado ina nafasi. Ichore kama ilivyo.

Programu za kompyuta za kuchora ndo sizitaki kabisa kwenye hili, nimeona mchoro eksozi imetokea hewani na spoku zimeyeyukiana, mtu anayezisafisha spoku moja moja kwa kitambaa ataona ndani ya sekunde moja.

Kingine, kuna wanaosema pikipiki mpya hazistahili kuchorwa, eti Triumph ya kweli ilikufa kiwanda cha Meriden kilipofungwa 1983. Siwaungi mkono. John Bloor, tajiri wa ujenzi wa nyumba, alilinunua jina mwaka huo huo, akajenga kiwanda kipya Hinckley, siyo mbali na hapa, na kijana anayelipia Bonneville yake kila mwezi anaipenda kama mzee anavyoipenda ya kwake. Ila usimchukulie mchoro wa zamani ukampa yeye. Tangu 2016 Bonneville zinapozwa kwa maji, zina rejeta mbele ya fremu, na kile kinachofanana na kabureta siyo kabureta, ni mfumo wa umeme wa kupuliza mafuta umevalishwa sura ya zamani. Katuni ya hiyo ingeweza kuwa tamu sana, kabureta imevaa kinyago.

Mjukuu wa mzee ameshanunua moja, na mzee anataka zichorwe zote mbili pamoja, yeye na trei yake, mjukuu na simu yake kwenye usukani. Jumamosi naenda kuipiga picha, mchoraji kaniambia nisisahau upande wa rejeta.