Uongo wa kompyuta kwenye muvi: upi tuusamehe, upi tuukemee

Mabishano ni haya. Wapo wapenzi wa muvi hapa Tanga wanaosema filamu ya sayansi ya kubuni ipimwe kama hadithi nyingine yoyote: visa vinashikana? Wahusika wanaaminika? Ukifika mwisho unajuta muda wako au hujuti? Kama kompyuta inaweza kweli kufanya kile ilichofanya, hilo wawaachie mafundi, kwa maana mtazamaji hakutoa kiingilio ili asomeshwe. Wapo wengine, wengi wao mafundi na wanafunzi wa sayansi, wanaosema filamu ikijiita ya sayansi lazima iwajibike kwa sayansi, na ikidanganya kuhusu mashine imeharibu kazi yake yenyewe. Mimi natengeneza kompyuta Ngamiani na muvi hizi nazipenda sana, kwa hiyo hoja za pande zote mbili nazisikia kila siku. Naona kila upande una haki kwa sehemu, na kwamba kuna kipimo ambacho pande zote mbili zinakiruka.

Nianze na mafundi wenzangu, maana hoja yao ina nguvu kuliko wanavyoieleza. Wakishaanza kuchambua, hukimbilia vitu vidogo: skrini inatoa mlio kwa kila herufi, mdukuzi anafungua seva ya benki bila hata kugusa kipanya, kazi ya wiki nzima inaisha sekunde kumi. Hayo ni mapambo tu. Hoja nzito iko kwenye filamu kama Independence Day ya 1996. Viumbe wa anga za mbali wameishinda dunia nzima, kisha binadamu wanapanda na laptopu ya Apple na kuingiza kirusi kwenye chombo mama. Kirusi ni programu, na programu huandikwa kwa ajili ya mashine fulani na mfumo fulani. Kirusi kilichoandikwa kwa Windows ukikipeleka kwenye simu ya Android hakifanyi kitu, na hizo ni mashine mbili zilizotengenezwa na binadamu wa dunia moja. Sasa kitaingiaje kwenye mashine ya viumbe ambao hawajawahi kusikia habari za Apple? Na hapa kosa haliko pembeni, kwa sababu ushindi wote wa vita unaletwa na kirusi hicho. Kwenye muvi ya ngumi hakuna mtazamaji anayekubali adui aanguke bila kuguswa. Mafundi wanauliza kwa nini kwenye muvi ya kompyuta tukubali, na sijasikia mtu akilijibu swali hilo vizuri.

Tena si kweli kwamba usahihi unaua uzuri. Waliotengeneza Interstellar, ya 2014, walimtumia mwanafizikia Kip Thorne, wakachukua milinganyo yake na kuiingiza kwenye programu ya kuchora shimo jeusi, yaani mahali angani penye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Kulikuwa na picha moja moja zilizochukua hadi saa 100 za kompyuta kukamilika. Umbo lililotoka, lile duara la mwanga lililojikunja juu na chini ya giza, halikubuniwa na mchoraji. Ni hesabu ndizo zilizolitoa, na kazi hiyo ikazaa makala za kisayansi zilizochapishwa 2015. Nani aliyeitazama anaweza kusema hesabu ziliipunguzia uzuri?

Lakini mafundi nao wana ugonjwa wao, nao ni kucheka kabla ya kuchunguza. Kwenye Jurassic Park ya 1993 kuna binti mdogo anayekaa mbele ya kompyuta, anaona vijumba vimesimama kwenye skrini kama vya mji, anasema huu ni mfumo wa Unix, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, anaujua. Watu wa kompyuta walicheka miaka na miaka: wapi Unix ikafanana na mchezo wa watoto? Kumbe ile programu ilikuwepo kweli. Iliitwa fsn, ilitengenezwa na kampuni ya Silicon Graphics kwa ajili ya kupekua mafaili kwenye mashine zake. Binti alikuwa sahihi, na waliocheka hawakuwahi kukutana na mashine zile.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya ziada ya kuwa na tahadhari na neno "haiwezekani". Samaki aitwaye silikanti alijulikana kwa visukuku tu, wataalamu wakaamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 wavuvi wa pwani yetu wakawa wanawakuta kwenye majarife waliyotegea papa kwenye maji marefu, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili ya samaki huyo. Mtu aliyekulia karibu na habari hiyo hawezi kuikemea filamu kirahisi kwa sababu tu imeonyesha kitu ambacho hajakiona. Ila tusichanganye mambo mawili. Silikanti hakuvunja kanuni yoyote ya maumbile, alikuwa hajaonekana tu. The Matrix ya 1999, inayosema mashine zinawalima binadamu ili zipate umeme, inavunja kanuni waziwazi: mwili hauwezi kutoa nishati nyingi kuliko inayoingia kwa chakula, kwa hiyo mashine zingepata faida zaidi kwa kukichoma chakula chenyewe. Bado naipenda filamu ile. Lakini siwezi kumwambia kijana wa sekondari kwamba jambo hilo "huenda likawezekana siku moja".

Upande wa pili, wa hadithi kwanza, una ushahidi ambao mafundi huuruka, nao ni WarGames ya 1983. Kijana wa shule anapiga simu kwa kompyuta moja baada ya nyingine, anaingia kwenye mashine ya jeshi la Marekani akidhani ni michezo, na nusura aanzishe vita ya nyuklia. Kuna mambo yaliyotiwa chumvi humo, hasa ile mashine inayoongea na kujifunza upesi vile. Lakini Rais Reagan aliitazama mwezi Juni mwaka huohuo, akawauliza wakuu wa jeshi kama jambo kama lile linaweza kutokea. Walipokwenda kuchunguza wakarudi na jibu kwamba linaweza, na hali ni mbaya kuliko alivyodhani. Mwaka 1984 akatia saini agizo la kitaifa la kulinda mifumo ya kompyuta za serikali. Ripoti ngapi sahihi za wataalamu zilikuwa zimelala kwenye makabati kabla ya hapo? Hadithi yenye chumvi ilifika mahali ambapo usahihi mtupu haukufika.

Kuna kitu kingine ndani ya WarGames ambacho wachambuzi hawakitaji mara nyingi, na mimi ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Yule kijana haipati nywila ya kompyuta ya shule kwa miujiza ya kibodi. Anaikuta imeandikwa kwenye karatasi, ofisini kwa katibu wa shule. Na mlango wa kuingilia kwenye mashine ya jeshi anaupata kwa kusoma habari za maisha ya aliyeitengeneza: nywila ni jina la mtoto wake aliyefariki. Ofisi ninazoitwa kutengeneza mashine zao hapa mjini, karatasi zile bado zipo, zimebandikwa kwa gundi chini ya skrini.

Sasa niseme kwa nini mjadala huu kwetu una uzito ambao pengine hauna kwingine. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta kwenda mrama, na milango haikufunguka vizuri hadi miaka ya 1990. Televisheni yenyewe ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Maana yake ni kwamba watu wazima wengi wa mji huu waliiona kompyuta kwenye sinema na kwenye vibanda vya video miaka mingi kabla ya kuigusa. Muvi ndiyo iliyowapa picha ya kwanza ya kile mashine hii inachoweza, na picha ya kwanza ni ngumu kufutika. Anayesema "muvi si darasa" anasema lile analotamani liwe. Kwetu muvi imekuwa darasa, kusudi au bila kusudi.

Nalishuhudia dukani. Mtu anakuja na flashi yenye video ya kamera ya ulinzi. Usiku, pikipiki imepita, kuna kitu kimeibiwa, naye anataka namba ya pikipiki. Naifungua, nasimamisha picha, navuta. Kibao cha namba kinageuka kuwa vijiraba vya kijivu. Chote kina vidoti 15 hivi kwa upana, wakati tarakimu moja ikitaka kusomeka inahitaji karibu 5 peke yake. Herufi MC naziona kwa sababu tu najua zinatakiwa kuwepo. Tarakimu inayofuata inaweza kuwa 3 au 8, na nikikodoa macho zaidi naanza kuona ile ninayoitaka. Ndipo linapokuja lile swali: "Fundi, mbona kwenye muvi wanavuta mpaka inasomeka?"

Blade Runner ya 1982 ina onyesho hilo, mpelelezi anaiamuru mashine isogee ndani ya picha hadi aone kilichojificha nyuma ya ukuta, na tangu hapo filamu za upelelezi zimelirudia bila kuchoka. Namweleza mteja kwamba kamera ikishashindwa kukirekodi kitu, hakimo, na kuvuta hakuwezi kukileta. Wengine wanaelewa. Wengine wanaondoka wakiamini fundi mwingine anaweza, na siku hizi kweli watapata "anayeweza", kwa sababu zipo programu za akili mnemba zinazosafisha picha. Hizo haziokoi kilichokosekana, zinabuni kinachofanana. Mwaka 2020 programu moja ya aina hiyo, PULSE, ilipewa picha yenye ukungu ya Barack Obama, ikatoa sura safi kabisa ya mzungu asiyekuwepo duniani. Sasa fikiria imepewa kibao cha namba cha pikipiki. Itatoa namba safi, inayosomeka, na namba hiyo itakuwa ya kijana fulani wa bodaboda aliyekuwa amelala kwake Makorora. Tunajua watu wenye hasira wanaweza kumfanya nini mtu aliyeitwa mwizi.

Hapo ndipo kipimo changu kinapotoka. Kosa la filamu nalipima kwa kule linakokwenda likishatoka kwenye skrini, zaidi ya ukubwa wake kisayansi. Mlipuko unaosikika angani ni kosa kubwa la fizikia, kwa kuwa sauti haisafiri pasipo kitu cha kuibeba kama hewa, na filamu ya 2001: A Space Odyssey ilionyesha tangu 1968 kwamba anga kimya inatisha zaidi. Lakini sijamwona mtu wa Tanga aliyedhurika kwa kuamini makombora ya angani yana sauti. Dhoruba inayoanzisha The Martian ya 2015 nayo ni chumvi. Hewa ya sayari ya Mars ni nyepesi mno, mgandamizo wake kwa wastani haufiki asilimia 1 ya wetu, upepo wake hauwezi kukipindua chombo. Mwandishi alihitaji njia ya kumwacha mtu wake peke yake kule, na baada ya hapo akamlipa mtazamaji kwa hesabu za viazi, maji na oksijeni zinazofuatilika. Namsamehe bila kusita. Onyesho la sekunde kumi la kuvuta picha, ambalo hakuna mchambuzi anayepoteza pumzi kulitaja, silisamehe.

La pili nisilolisamehe ni yule mdukuzi mwenye kofia aliyejifungia gizani, vidole vinakimbia, maandishi ya kijani yanashuka. Haki itendeke: The Matrix Reloaded ya 2003 ilionyesha programu halisi ya kupekua mitandao, nmap, na udhaifu wa kweli uliokuwa umegunduliwa miaka miwili nyuma, na mafundi wakashangilia. Mimi pia nilifurahi. Lakini hata udukuzi sahihi kiasi hicho unaiacha picha ileile, kwamba anayekuibia ni gwiji wa hesabu. Wizi unaowakuta watu wetu unaanza na ujumbe mfupi, "ile hela tuma kwenye namba hii", au na sauti inayosema ni huduma kwa wateja na inaomba namba ya siri ili "kurekebisha akaunti". Mtu aliyefundishwa na muvi kumwogopa gwiji anaweka nywila ndefu kwenye kompyuta, kisha anaitaja namba ya siri kwa mpigaji mpole.

Kwa wachambuzi wetu, na hasa kwa madijei wanaotafsiri muvi, nina ombi moja tu. Dijei ana nafasi ambayo mwongozaji wa filamu hana: anasema juu ya picha, kwa Kiswahili, wakati mtazamaji yuko ndani ya kisa, na watu wanamwamini. Tayari ana desturi ya kuongeza maneno yake mwenyewe pale filamu inaponyamaza. Mpelelezi akianza kuvuta picha, sekunde tatu za "hii kwenye muvi tu, kwenye kamera ya dukani haipo" haziharibu utamu wa kisa. Mafundi hawawezi kuipata hadhira hiyo hata wakiandika mwaka mzima.

Na kwa watengenezaji wa filamu wa hapa, naona hadithi kubwa ya kompyuta wameilalia. Mama anauza machungwa ya Muheza, simu inaita, na upande wa pili kuna kijana ambaye tayari anajua jina lake na kiasi alichotumiwa jana. Amelijuaje? Hapo pana uchunguzi wa saa nzima: nani aliuza taarifa, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, hela imepita namba ngapi kabla ya kutolewa. Anayetaka kuipiga muvi hiyo hahitaji seva wala skrini ya kijani. Anahitaji mwigizaji mwenye sauti ya upole, na mwandishi aliyewasikiliza vizuri matapeli hao jinsi wanavyoanza na shikamoo.