Mgeni rasmi anachelewa, watoto wanaungua jua

Mahafali ya kidato cha nne kwenye shule za bweni huku Tanzania yananikera kwa jambo moja: kumsubiri mgeni rasmi. Kadi ya mwaliko inasema saa tatu asubuhi. Wazazi wametoka mikoani kwa basi la usiku, skauti wamesimama juani tangu saa mbili, na mheshimiwa anaingia saa saba. Halafu bado akague maonyesho ya maabara, asomewe risala, ahutubie weee, ndipo harambee ya bweni jipya ianze. Hivi bweni linajengwa kwa kuwashindisha watoto njaa?

Kinachoniuma zaidi ni muda wa kuonana. Mtoto wa bweni humwoni miezi, na siku hiyo ndiyo ungemuuliza kama anakula vizuri, kama matroni anamsikiliza akiugua, na mtihani wa taifa wa Novemba, ule wa Baraza la Mitihani (NECTA), anauonaje. Unaambulia nusu saa, pilau imeshapoa, dereva anapiga honi getini. Mgeni akichelewa, ratiba ianze bila yeye. Mkuu wa shule anaweza kabisa kugawa vyeti.