Wataelewana Tu!

Juzi nilimsindikiza mtoto wa jirani kununua samaki wa mapambo hapa mjini Mwanza. Tangi alishapata: lita 60, kokoto za bluu, meli ya plastiki inayotoa mapovu. Muuzaji akachota goldifishi wawili, gapi, wale visamaki wa rangi rangi, na furu mmoja mwekundu, kasamaki ka Ziwa Victoria letu, aliyekuwa amejibanza pembeni mwa beseni. Wote mfuko mmoja, akaufunga kwa raba. Nikamuuliza, hawa watakaa pamoja?

"Mjomba, wote ni samaki wa maji baridi. Wataelewana tu."

Wataelewana! Kwani sangara ni wa baharini? Alipandikizwa ziwani humu miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, na miaka ya 1980 wakapotea aina kwa mamia. Muulize mzee yeyote aliyevua ghuba hii enzi hizo. Maji yalikuwa baridi hayo hayo.

Turudi kwa yule furu, maana ndiye aliyeniuma roho. Mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi ya kusimama: alifanana sana na yule ambaye wataalamu walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, Pundamilia nyererei, mkaazi wa majabali ya huku kwetu. Dume la aina hii hukamata jiwe lake na kulilinda kama mwenye hati ya kiwanja. Anayepita anafukuzwa. Ziwani anayefukuzwa ana pa kwenda. Kwenye lita 60 anazunguka kioo mpaka anakufa kwa kihoro. Vitoto vya gapi vitaliwa, gapi wazima watabaki bila mikia. Furu anataka tangi la lita 200 hivi kwenda juu, mawe mengi yenye mapango, na dume moja kwa majike kadhaa, ili usumbufu wake usimwangukie jike mmoja.

Na hao majike nao wana yao. Utamwona mmoja taya limevimba, anatafunatafuna kitu lakini chakula hagusi, kajificha nyuma ya jiwe. Amebeba mayai mdomoni, na atakaa hivyo wiki mbili, tatu. Kama hana pa kujificha, atayatema au atayameza.

Kuna la pili ambalo wauzaji hawataki kulisikia: usichanganye furu na furu. Nyererei ana ndugu yake wa bluu, Pundamilia pundamilia. Madume unawatofautisha ukiwa mlangoni. Majike wote ni rangi ya vumbi, hata mzoefu hukodoa macho. Jike humchagua dume kwa rangi, na panapokuwa na tope, mwanga ukafifia, anashindwa kuchagua, wanazaliana. Ziwani kwenyewe limetokea. Sasa wewe ukiwatia pamoja sebuleni chini ya taa yako, baada ya muda una kundi la machotara wasiojulikana ni nani, na utawagawia marafiki kama furu halisi. Aina zimebaki chache, halafu tunazikoroga wenyewe! Chukua aina moja, basi.

Goldifishi sina ugomvi naye. Haya, ni mzuri, watoto wanampenda. Lakini hula sana na kuchafua sana, amonia, sumu itokanayo na uchafu wao, inapanda, na yule wa kawaida akitunzwa hupita sentimita 20. Isitoshe anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi, na sebule ya Mwanza mchana unaijua. Wa kukaa naye ni goldifishi mwenzake, kwenye tangi kubwa.

Kwa lita 60 mimi ningeweka gapi peke yao, madume matupu, kama hutaki kulea wajukuu kila mwezi. Sato muache sokoni. Kambale mdogo anayeuzwa eti "wa kusafisha tangi" ni samaki wa kuzidi mita moja, utamsafishia wewe. Maji ya bomba toa klorini kwanza. Tangi jipya anza na samaki wachache, chujio lipate wiki kadhaa za kuotesha bakteria wa kula hiyo amonia. Na ukiwachoka usiende kuwamwaga ziwani pale Capri Point, ziwa hili limeshapokea wageni wa kutosha.

Muuzaji akishindwa kukwambia samaki huyo akikua anafika wapi na anakula nini, mrudishie mfuko wake.