Waacheni Roseau na Warroad Wategeane

Lawama ni ile ile kila msimu wa baridi hapa Minnesota. Timu ya shule fulani ya sekondari inashinda 2–1, na kabla watu hawajatoka jukwaani maneno yameshaanza: kocha kapaki basi, kocha anaua vipaji vya watoto, nani alipe kiingilio aje kutazama vijana watano wakingoja katikati ya uwanja. Nimeyasikia hata kwa wazazi wa timu iliyoshinda. Mimi sikubaliani nayo. Katika hoki ya barafuni ya shule za sekondari, ulinzi wa subira, huu tunaouita mtego, ndio unaoziwezesha shule ndogo kusimama mbele ya shule kubwa bila kuaibika, na anayetaka kuuondoa ajue anazinyang'anya shule hizo silaha yao.

Mfano wangu ni wa kule juu kabisa kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada, kwenye miji miwili ambayo msafiri angeipita bila kugeuza shingo. Roseau ina watu wapatao 2,700. Warroad hawafiki hata 2,000. Kati yao kuna barabara kuu namba 11 na mwendo wa kilomita 35 hivi. Roseau ndiko nyumbani kwa Polaris, watengenezaji wa pikipiki za thelujini. Warroad ndiko nyumbani kwa Marvin, watengenezaji wa madirisha. Wapo wanaolala mji mmoja na kufanya kazi mji wa pili. Wameoana, wanazikana, wanakopeshana vifaa. Ila jioni ya mechi kila mmoja anajua anakaa upande gani wa uwanja.

Na hawa si watani wa maneno matupu. Wavulana wa Roseau wana mataji 7 ya jimbo, wa Warroad wana 4. Roseau ndiyo iliyowatoa Neal Broten na ndugu zake Aaron na Paul, wote watatu wakacheza ligi kuu ya NHL. Warroad ilitoa ndugu wawili, Bill na Roger Christian, waliotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960, kisha Dave mtoto wa Bill akatwaa ya kwake mwaka 1980, akiwa timu moja na Neal Broten wa Roseau. T.J. Oshie, ambaye Marekani nzima ilimshangilia kwa penalti zake dhidi ya Urusi kule Sochi mwaka 2014, alivaa jezi ya Warroad akiwa sekondari. Vijiji kwa ukubwa, lakini kwenye barafu ni miji mikuu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu kwa utulivu: kila upande una wachezaji watano na kipa. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta wenye vioo juu. Mistari miwili ya bluu inaugawa katika maeneo matatu, na mshambuliaji haruhusiwi kuuvuka mstari wa bluu wa wapinzani kabla ya kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, kuvuka. Sekondari za Minnesota hucheza vipindi vitatu vya dakika 17. Mbio zake ni za kukata pumzi, hata mchezaji akimaliza kama dakika moja barafuni anarudi benchi, mwingine anaruka ukuta kuingia.

Hapo ndipo mtego unapopata maana. Mtego wa kawaida ni wa mmoja, wawili, wawili. Mshambuliaji mmoja anakwenda mbele, lakini hamkimbilii beki mwenye kisahani. Anamzunguka kwa upinde ili kumfungia upande mmoja na kumwachia njia ya upande wa pili, ile iliyo jirani na ukuta. Beki wa watu anaiona njia, anaifuata. Anapokaribia katikati anakuta winga amesimama ukutani, kiungo amefunga pasi ya ndani, na nyuma yao mabeki wawili wamepanda hadi karibu na mstari wa bluu. Njia imekwisha. Akipiga pasi inaporwa, na aliyeipora ana wenzake wawili walio tayari kuondoka nayo kwenda kufunga. Akibutua kisahani mbele, kinakwenda kwa mabeki waliokwisha kugeuka kukisubiri. Kijana wa miaka 16 aweze kuutega mtego huo pamoja na wenzake wanne, bila hata mmoja kuvunja mstari kwa tamaa, huo nao ni ufundi kama ufundi mwingine wowote.

Mtego una historia yake kwenye ligi kuu, na historia hiyo inapita Roseau. Mwaka 1995 New Jersey Devils chini ya kocha Jacques Lemaire walitwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, kwa mtego huu, wakaifunga Detroit mechi nne kwa bila, Detroit iliyokuwa inapewa nafasi kubwa kuliko wao. Bao la kuamua kombe lilifungwa na Neal Broten, mtoto wa Roseau, mchezaji mwepesi mwenye akili ya pasi. Mtego haukumfanya asahau kucheza. Miaka mitano baadaye Lemaire akaja huku huku Minnesota kuwa kocha wa kwanza wa timu mpya ya Wild, na vijana wa jimbo hili wakakua wakiitazama timu yao ya nyumbani ikiwachosha matajiri kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 2005 NHL ikaruhusu pasi ndefu zinazovuka mistari miwili, na moja ya sababu ilikuwa kuulegeza mtego. Haukufa. Ulibadilika tu.

Turudi shuleni. Edina, kitongoji chenye fedha jirani na Minneapolis, kina watu zaidi ya 50,000, na shule yake ina mataji mengi kuliko nyingine yoyote jimboni. Kocha wa shule ya namna hiyo huchagua wachezaji wake kutoka lundo la vijana. Kikosi chake cha tatu kingekuwa cha kwanza mahali pengine. Roseau, kwa ukubwa wake, ingeweza kabisa kukaa daraja A pamoja na shule ndogo wenzake. Imechagua daraja la juu, AA. Kocha wake ana vijana wazuri pengine wa kujaza makundi mawili ya kupokezana barafuni, baada ya hapo ni kuomba Mungu. Mkimwambia acheze wazi, ashambuliane na Edina kwa dakika zote 51, mnamwambia akubali kufungwa 7–2 ili nyinyi mfurahi. Mtego unatunza miguu ya vijana wake. Tena angalieni kipindi cha pili, timu zinapobadilishana magoli na benchi linakuwa mbali na eneo lao la ulinzi: timu isiyojua kungoja hunaswa kule ndani, wachezaji wamechoka na hawawezi kutoka kubadilishana, na mabao hufuatana moja baada ya jingine. Ukiziba katikati, adui hafiki huko kwa wepesi.

Warroad nao wana kisa chao na Edina ambacho kule kaskazini bado kinasimuliwa. Fainali ya mwaka 1969, Henry Boucha, kijana wa Kiojibwe, beki aliyekuwa nyota wa jimbo zima, aliumia sikio kipindi cha pili akapelekwa hospitali. Warroad bila yeye walikataa kuvunjika, wakaipeleka mechi hadi muda wa nyongeza, wakafungwa 5–4. Wanaosema watazamaji hawapendi ulinzi wakumbuke kwamba aliyeuteka moyo wa jimbo mwaka ule alikuwa beki.

Sasa, Roseau wanapokutana na Warroad, hesabu inabadilika, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Siku hizi mmoja yuko AA na mwingine A, kwa hiyo hawakutani kwenye mchujo wa jimbo. Hukutana msimu wa kawaida tu. Hakuna taji, kuna heshima ya mwaka mzima kazini na dukani. Na hakuna anayemshangaza mwenzake. Vijana hawa wamekabana tangu hawajajua kufunga kamba za viatu vyao vya kutelezea. Winga wa Roseau anajua beki wa Warroad hupenda kugeukia kulia akibanwa. Beki anajua kwamba winga anajua. Mtego wa wazi kwa jirani ni kazi bure, hivyo makocha huuficha: wanaanza na mmoja, wawili, wawili, dakika kumi zinapita, ghafla wanatuma wawili mbele kwenye kona, beki aliyezoea kupewa nafasi anakuta hana hata ya kunyanyua kichwa.

Hapo mtazame beki anayesubiri shambulizi. Anateleza kinyumenyume, magoti yamekunjwa, gongo mkono mmoja limenyooshwa mbele huku ubao wake umelala barafuni kwenye njia ya pasi. Haangalii kisahani, maana kisahani hudanganya. Macho yako kifuani mwa mshambuliaji. Kati yao pana nafasi ya urefu wa gongo na kidogo zaidi. Nafasi ikizidi, mshambuliaji anapiga. Ikipungua, anapitwa. Kila hatua ya yule lazima ijibiwe na hatua ya huyu, hadi ukuta wa pembeni unamaliza kazi. Nimewahi kuona beki wa kidato cha pili akimsindikiza mshambuliaji hodari hivyo hivyo mpaka kona, bila kumgusa, halafu akachukua kisahani kama aliyeachiwa. Jukwaa lilinyamaza. Angemgonga ukutani, wangepiga kelele za kupasua dari.

Kelele hizo ndizo adui wa kweli wa mchezo huu, kuliko mtego. Mechi za watani zina hasira, na mtoto anayesikia watu wazima wakimwambia "mpige" atapiga. Tarehe 30 Desemba 2011, Jack Jablonski, mwanafunzi wa Benilde-St. Margaret's mwenye miaka 16, aligongwa kutoka nyuma akaenda ukutani, akapooza. Januari 2012 chama cha michezo ya shule za Minnesota kikapandisha adhabu katikati ya msimu: kumgonga mtu kutoka nyuma, kumsukumiza ukutani au kumgonga kichwani ikawa dakika tano nje, timu inacheza pungufu muda wote huo hata ikifungwa mara tatu. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Na tazameni ilivyoupa nguvu ulinzi wa akili: kocha anayefundisha pembe na gongo hakosi usingizi kwa hofu ya adhabu hizo.

Anayetaka ushahidi awatazame wasichana. Hoki yao hairuhusu kugongana kwa mwili, na tangu mashindano yao ya kwanza ya jimbo mwaka 1995 imekuwa shule ya ulinzi safi. Wasichana wa Warroad walitwaa taji mwaka 2010 na 2011, wakarudia 2022 na 2023. Mji wa watu wasiofika 2,000!

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naikubali. Kocha anayemwamuru beki abutue kisahani kwenye kioo kila anapokigusa anamharibu mtoto, maana hatajifunza kukimiliki wala kuinua kichwa kutafuta pasi. Hilo likemewe. Lakini mtego uliofundishwa vizuri unahitaji kinyume chake: ukishapora, lazima ujue la kufanya ndani ya sekunde moja, na hapo ndipo akina Broten walipojipatia mkate wao.

Basi mwezi wa tatu, mashindano ya jimbo yakianza St. Paul, chagueni kipindi kimoja msikifuate kisahani kabisa. Mfuateni kiungo wa timu ndogo ambaye hana kisahani: anasimama wapi, anamwelekeza nani kwa gongo lake, anarudi mara ngapi nyuma bila kuitwa. Halafu mniambie kama huyo ndiye kijana mnayesema anafundishwa woga.